Habari za Julius Kambarage wa Butiama, Mtawala Aliyeombewa

Kila Jumapili katika sharika zetu husomwa sala ya maombezi, na katika sala hiyo hufika mahali ambapo mchungaji huwataja wenye mamlaka. Hapo wengi wetu huinamisha vichwa na kuitikia, lakini mioyo imekwenda mbali. Mmoja awaza ng'ombe wake, mwingine awaza kodi aliyotozwa, na mwingine ashindwa kuitikia kwa sababu yule atajwaye amemchukiza. Basi mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtawala mmoja, mtoto wa nchi ya Mara, ili tupate kujua vema ni nani tumwombeaye na ni nini tumwombeacho.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, mlango wa pili, aagiza dua zifanywe kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Alipoandika hayo, mfalme wa Rumi hakuwa Mkristo, wala hakuwa rafiki wa Wakristo. Naye Luther, alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana katika Katekismo Ndogo, aliwahesabu watawala wacha Mungu na serikali njema pamoja na chakula, mavazi na nyumba, katika mkate wetu wa kila siku. Basi amwombaye Mungu mkate amekwisha kuomba na serikali njema, hata kama hakukumbuka.

Mtu tutakayemsimulia ni Julius Kambarage Nyerere. Yeye hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mkatoliki mpaka kufa kwake. Lakini Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakujibu kwa kutaja ukoo wala dini. Alisimulia habari za Msamaria. Kwa hiyo hatuoni haya kujifunza kwa ndugu huyu.

Alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili mwaka 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, mwenye wake 22. Mama yake alikuwa Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano. Siku ile mvua ilinyesha, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la pepo wa mvua waliyemjua wazee wa Kizanaki. Ingawa alikuwa mtoto wa mtemi, hakulelewa kama mwana wa mfalme. Alichunga mbuzi, akalima pamoja na mama yake, akaona kwa macho yake jinsi wanawake wa nyumba ile walivyotoka alfajiri na kurudi jioni wakiwa wamebeba mizigo, huku wanaume wengi wakiketi kivulini.

Hayo aliyoyaona hakuyasahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Makerere nchini Uganda, mwaka 1944, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Insha ile ilikaa miaka mingi bila kutolewa kitabu, ikapigwa chapa mwaka 2009, alipokuwa amekwisha kufa. Twaitaja kwa sababu yaonyesha jinsi mtu ajifunzavyo kumpenda jirani. Hakuanza kwa kuwapenda watu wa mbali asiowajua. Alianza kwa kuona taabu ya mama yake nyumbani mwao.

Mwaka 1934, alipokuwa na miaka kumi na miwili, alipelekwa shule ya Mwisenge katika mji wa Musoma. Msomaji wetu akaaye Iringo aijua Mwisenge, kwa kuwa ni mji mmoja. Lakini kutoka Butiama mpaka Musoma ni mwendo wa maili 26, na mtoto yule alikuwa hajavaa viatu wala hajashika kitabu. Alikuwa mwepesi wa kufahamu, naye mwaka 1937 akapelekwa shule ya serikali ya Tabora. Baba yake alikufa mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa katika misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Alikuwa mtu mzima wa miaka 21, naye alijua alitendalo.

Alipomaliza Makerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria huko Tabora, na mwaka 1949 akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, nchi ya Uskoti. Aliporudi mwaka 1952 alikuwa na digrii, lakini alikwenda nyumbani Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake, akikanyaga udongo na kufyatua matofali. Watu walistaajabu kumwona msomi kama yule amejaa tope. Mwezi wa Januari mwaka 1953 alimwoa Bibi Maria Gabriel, aliyekuwa mwalimu, na ndoa yao ikafungwa Musoma. Kisha akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, na ndiyo maana hata alipokuwa mkuu wa nchi watu hawakuacha kumwita Mwalimu.

Tarehe 7 Julai 1954 kilianzishwa chama cha TANU, naye akawa rais wake. Mwezi wa Machi mwaka 1955 alikwenda New York kunena mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa lililoangalia nchi za udhamini, na aliporudi ikambidi achague ualimu au siasa. Aliacha kazi ya ualimu pamoja na mshahara wake, akarudi Butiama kwa kitambo akiwa hana kazi. Tusisahau tena ya kwamba Dar es Salaam alipokelewa na watu wengi wasio wa dini yake. Wazee wa Kiislamu walimkaribisha na kumsimamia, na Bibi Titi Mohamed aliwakusanya wanawake kwa maelfu waingie chamani. Mkristo kutoka Mara alibebwa na majirani wasioingia kanisani mwake.

Mwaka 1958 ulikuwa mwaka wa majaribu. Serikali ya Waingereza iliweka uchaguzi wa namna ngumu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Katika mkutano wa Tabora, mwezi wa Januari, wengi walitaka uchaguzi ule ususiwe. Mwalimu aliwasihi wakubali, nao wakakubali, ingawa wengine walikasirika wakatoka chamani. Watu waliitwa kuwapigia kura Wazungu na Wahindi waliokuwa tayari kusimama pamoja nao, kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Mkulima wa Kiafrika, ambaye maisha yake yote aliambiwa akae nyuma, aliweka kura yake kwa jirani wa rangi nyingine. Hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka uo huo alishitakiwa kwa maneno aliyoyaandika juu ya mabwana wilaya wawili, akahukumiwa kutoa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa. Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, alikuwa amefika siku zizo hizo, na watu waliogopa kwamba damu ingemwagika. Lakini wawili hao walikutana, wakasikilizana, na miaka mitatu baadaye nchi ikapata uhuru wake bila vita. Wakristo wengi walikuwa wameombea jambo hilo makanisani mwao.

Twapenda kusimama kidogo katika mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wakati uhuru ulipokuwa umebaki majuma machache. Bunge lilikuwa likijadili ni nani atakayekuwa raia wa Tanganyika. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na wengine wote wakae kama wageni. Mwalimu aliwapinga kwa ukali mwingi kuliko alivyowahi kuwapinga Waingereza. Alisema kwamba kumpima mtu kwa rangi ni uovu, hata kama mpimaji ni yule aliyepimwa jana, naye akawaambia wabunge kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Alishinda. Yapasa tukumbuke kwamba kura za Waafrika zilikuwa nyingi, na kwamba mtawala mwenye kutaka sifa angaliweza kupata sifa tele kwa kuwafukuza wachache. Yeye alisimama na wachache. Kama twataka kujua amri ya kumpenda jirani huonekanaje ikiingia bungeni, na tuitazame siku ile.

Tarehe 9 Desemba 1961 bendera mpya ilipandishwa, na mwenge ukawashwa juu ya Kilimanjaro. Wimbo uliochaguliwa kuwa wimbo wa taifa ni sala. Tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misioni katika Afrika Kusini, na ndani yake watu humwomba Mungu awabariki viongozi. Kwa hiyo raia wa nchi hii, aende kanisani, aende msikitini, au asiende popote, asimamapo kuimba huwa anawaombea watawala wake. Wazee wetu katika sharika walikuwa wamekwisha kumwombea Kaisari wa Wadachi, kisha Mfalme wa Uingereza; na sasa walijifunza kumwombea mtoto wa Butiama. Jina lilibadilika katika sala, lakini yeye aombwaye ni yule yule.

Baada ya majuma sita tu, mwezi wa Januari mwaka 1962, Mwalimu aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kuzunguka vijijini kuwatayarisha watu. Mwishoni mwa mwaka ule alichaguliwa kuwa Rais. Mwaka 1963 serikali yake iliondoa cheo cha utemi katika nchi nzima, na ndugu yake mwenyewe, Edward Wanzagi, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Hakuwaachia watu wa nyumba yake kile alichowanyima wengine.

Lakini hatuandiki haya ili kumfanya malaika. Sala ya maombezi haifai kitu kama twaamini kwamba mtawala hakosi. Asiyekosa hahitaji kuombewa. Mwaka 1962 ilitungwa sheria iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kuhukumiwa, na watu waliwekwa. Mwezi wa Januari mwaka 1964 askari waliasi, na Mwalimu ikambidi awaombe Waingereza, waliokuwa wameondoka jana, warudi kumsaidia. Aibu ile aliikiri mbele ya watu wote. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kujilimbikizia mali na kutaka watu waishi kama jamaa moja. Nia yake ilikuwa njema, nasi twaiona kuwa karibu na habari za kanisa la kwanza katika Matendo ya Mitume. Lakini kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini. Wako waliobomolewa nyumba, wako walioacha migomba na makaburi ya baba zao. Jirani aliyepaswa kupendwa alisukumwa kwa ajili ya mema yake mwenyewe. Hapo ndipo twaona hatari ya mtawala mwema: kwamba aweza kuupenda umma wote hata asimsikie mtu mmoja aliaye mlangoni pake.

Na kanisa letu pia lilipata uchungu. Mwaka 1969 sheria ya elimu iliiweka mikononi mwa serikali shule nyingi zilizojengwa na misioni, na miongoni mwazo zilikuwamo shule za Kilutheri ambazo Wakristo walizijenga kwa mawe waliyoyabeba vichwani. Wengine walinung'unika sana. Lakini Jumapili iliyofuata kengele ilipigwa, na yule aliyezichukua shule akatajwa katika maombezi. Ni rahisi kumwombea atupaye. Kumwombea atuchukuliaye, bila kumlaani na bila kumdanganya kwamba hatukuumia, ndiyo sala aliyotufundisha Bwana. Na baadaye ilionekana kwamba katika shule zile watoto wa Kilutheri, wa Kikatoliki, wa Kiislamu na wa wazee wasio na dini waliketi benchi moja, wakajuana. Mungu aweza kuujibu uchungu wetu kwa namna ambayo sisi hatukuiomba.

Juu ya wageni na wakimbizi twaweza kumsifu bila kusitasita. Watu wa Rwanda, wa Burundi, wa Msumbiji na wa nchi nyingine walipokimbia kifo, walipata ardhi ya kulima Tanzania, na mwaka 1980 maelfu ya Wanyarwanda walipewa uraia. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa nishani ya Nansen, ambayo hutolewa kwa wale waliowasaidia wakimbizi. Nchi ilikuwa maskini, nayo ilikuwa imetoka vitani. Kwa maana mwezi wa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera yakaua na kupora, na mwezi wa Aprili mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda wenyewe yaliuchukua mji wa Kampala. Vita hivyo viliondoa utawala uliomwua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977, lakini viliwaacha wajane pande zote mbili, na umaskini uliokaa miaka mingi. Nao yatupasa kuwakumbuka.

Tena kuna jambo moja lihusulo msamaha. Yule Bibi Titi Mohamed, aliyemsaidia tangu mwanzo, alishitakiwa baadaye kwa uhaini, akahukumiwa mwaka 1971 kufungwa maisha. Mwaka 1972 Mwalimu alimsamehe, akatoka gerezani. Sisi hatukuwekwa kuwa waamuzi wa kesi ile. Twatazama tu kwamba mlango ulifungwa, kisha ukafunguliwa, na kwamba mwenye ufunguo alikuwa yule yule aliyedhani kwamba amekosewa.

Mwalimu alikuwa mtu wa sala. Alikwenda Misa kila siku kadiri alivyoweza, hata alipokuwa na kazi nyingi za serikali, na watu wa kawaida walimwona ameketi kati yao. Huenda alijua kuliko sisi jinsi mtawala alivyo maskini. Mtawala ana walinzi, ana magari, ana watu wengi wa kumsifu. Lakini ni wachache wathubutuo kumwambia kweli, na usiku abaki peke yake na mambo aliyoyaamuru. Mtu wa namna hiyo ni jirani aliyelala njiani, ingawa amevaa vizuri. Anayempitia kando kwa kumwogopa ni kama yule kuhani, naye anayempitia kando kwa kumchukia ni kama yule Mlawi.

Tarehe 5 Novemba 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu kutoka Zanzibar. Wakati ule ni watawala wachache sana wa Afrika waliokuwa wametoka kitini bila kutolewa na bunduki au na kifo. Alikuwa amekwisha kukiri kwamba serikali yake ilikosa ilipoondoa halmashauri za wilaya mwaka 1972, na tena ilipoondoa vyama vya ushirika vya wakulima mwaka 1976. Akarudi Butiama, akalima. Hapo alitunga tenzi za Injili na za Matendo ya Mitume kwa Kiswahili, zilizopigwa chapa mwaka 1996. Mwaka uo huo alianza kuwapatanisha Warundi waliokuwa wakiuana, akifanya kazi hiyo Arusha hata ugonjwa ulipomshika. Mama yake, Mugaya, aliishi akayaona hayo, akafa mwaka 1997 akiwa mwenye miaka mingi sana.

Julius Kambarage alikufa katika hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini London tarehe 14 Oktoba 1999, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa Butiama, mahali paitwapo Mwitongo, tarehe 23 Oktoba. Wakristo wa makanisa yote na Waislamu walimwombea. Mwaka 2005 kanisa lake katika jimbo la Musoma lilianza kuyachunguza maisha yake ili kuona kama aweza kutangazwa kuwa mwenye heri. Hayo ni mambo ya ndugu zetu, nasi twawaachia.

Basi sisi tujifunze nini? Kwanza, twaona kwamba mtawala hutoka kwetu. Yule mtoto aliyekwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwisenge alipita mbele ya nyumba za watu, na hakuna aliyejua kwamba amepita Rais. Kwa hiyo tuwaombee watoto wa mitaani petu leo, kwa kuwa katikati yao yumo atakayetutawala kesho. Akijifunza nyumbani mwetu kumwonea mama yake huruma, atajua kuwahurumia watu. Na akijifunza kwetu kudharau kabila la jirani, atakidharau bungeni kile alichokidharau jikoni.

Tena twaona la kumwombea mtawala. Tusimwombee maisha marefu tu na ushindi juu ya adui zake. Tumwombee masikio ya kumsikia mtu mmoja aliaye. Tumwombee ujasiri wa kusimama na wachache. Tumwombee unyenyekevu wa kukiri alipokosa. Na tumwombee neema ya kuondoka siku yake ifikapo. Na katika sala iyo hiyo tuwataje waliofungwa bila hukumu, waliohamishwa kwao, na wageni wasio na mahali, ili mtawala na mnyonge wakutane mbele za Mungu, hata kama hawajakutana barazani.

Mwisho, asiwepo mtu wa kumwombea mtawala Jumapili na kumnyima jirani maji Jumatatu. Amri ni moja. Basi Jumapili ijayo, mchungaji atakapowataja wenye mamlaka, na tusiache mioyo iende zake. Tumtaje kimoyomoyo yule tusiyempenda, na jirani yule tusiyesalimiana naye, tuwaweke pamoja katika sala moja, tukaitikie Amina kwa sauti.